Mapaja ya Mama Si Kiti: Historia ya Kiti cha Mtoto Garini

Tumezoea kuzungumza kuhusu chanjo, vyandarua, maji safi na maziwa ya mama. Leo tunazungumza juu ya hatari isiyo na homa wala upele. Hatari hii huwapata watoto wetu njiani, ndani ya gari, wakiwa wamepakatwa na watu wanaowapenda kuliko wote duniani.

Hebu fikiria siku ya kutoka hospitalini. Umejifungua salama. Mtoto amepata chanjo zake za kwanza, na kijitabu chako cha afya ya mama na mtoto kimo ndani ya kikapu. Shemeji amekuja na gari, tuseme ni Probox ya kukodi. Muuguzi anakusindikiza hadi mlangoni. Dereva, kwa heshima zake zote, anasema: "Mama mwenye mtoto akae mbele." Muuguzi anakushikia mlango, unaingia, mtoto anawekwa mapajani mwako, na safari ya Rongo au Mbita au Muhuru Bay inaanza.

Mimi ni muuguzi, na nimefungua mlango huo wa mbele mara nyingi sana. Niliona ni heshima kwa mzazi. Baadaye nilijifunza kwamba kiti kile cha heshima ndicho cha hatari zaidi kwa mtoto. Ndiyo maana nimeona nikueleze historia ya kiti cha mtoto garini. Ukiijua, utaona kwamba hata mataifa yaliyoendelea yalianza pale pale tulipo sisi, mtoto mapajani, na yalichukua miaka mingi kutoka hapo.

Kwanza tuelewe kwa nini mapaja hayatoshi. Gari likiwa katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kila kilichomo ndani kinakwenda kwa mwendo huo huo, pamoja na mtoto wako. Gari likigonga kitu na kusimama ghafla, mtoto hasimami nalo. Yeye anaendelea mbele. Nguvu yake ni sawa na ya mtoto aliyeanguka kutoka urefu wa mita 10 hivi, yaani kutoka juu ya nyumba ya ghorofa tatu. Kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, uzito anaouvuta unaweza kufika mara 20 hadi 30 ya uzito wake wa kawaida. Mtoto wa kilo 8 anakuwa kama mzigo wa kilo 160 hadi 240. Hiyo ni karibu magunia mawili ya mahindi, na wakati mwingine zaidi. Ni mama gani anayeweza kudaka magunia mawili kwa mikono? Tatizo si upendo wala nguvu za mama. Mikono ya binadamu haikuumbwa kwa kazi hiyo.

Sasa tuangalie kiti kilitoka wapi.

Viti vya kwanza vya watoto vya kuwekwa garini vilitengenezwa Marekani katika miaka ya 1930. Mwaka 1933 kampuni ya Bunny Bear ilianza kuuza kiti cha namna hiyo. Lakini usidhani kilikuwa cha kumkinga mtoto. Kazi yake ilikuwa kumwinua ili mzazi anayeendesha amwone, na kumzuia asitambae huku na huku. Magari yalikuwa yameongezeka na ajali pia, lakini bado hakuna aliyefikiria kwamba mtoto anahitaji kinga yake peke yake.

Mwaka 1959 mhandisi wa Sweden aitwaye Nils Bohlin, aliyefanya kazi katika kampuni ya magari ya Volvo, alibuni mkanda wa usalama tunaoufahamu leo, ule unaopita begani na kiunoni. Kampuni hiyo iliruhusu watengenezaji wengine wa magari wautumie ubunifu huo. Mkanda huo umeokoa watu wengi sana, lakini ulipimwa kwa mwili wa mtu mzima. Kwa mtoto mdogo, kipande cha begani kinapita shingoni na cha kiunoni kinapanda tumboni penye ini na matumbo, mahali pasipo na mfupa wa kukinga.

Mwaka 1962 watu wawili walioishi mbali mbali walileta jibu, kila mmoja kivyake. Jean Ames wa Uingereza alibuni kiti ambacho mtoto hutazama nyuma ya gari, chenye mikanda ya umbo la herufi Y. Leonard Rivkin wa mji wa Denver, Marekani, alibuni kiti chenye fremu ya chuma ambacho mtoto hutazama mbele. Hivi ndivyo viti vya kwanza vilivyobuniwa ili kumlinda mtoto.

Miaka hiyo hiyo, daktari mmoja wa Sweden, Bertil Aldman, aliwaona wanaanga wa Marekani wakirushwa angani wakiwa wamelala chali. Alielewa sababu yake. Mtu akilala hivyo, ile nguvu kubwa huenea mgongo mzima badala ya kuangukia sehemu moja ya mwili. Akajiuliza kama mtoto naye hawezi kukingwa vivyo hivyo, kwa kumgeuza atazame nyuma. Akatengeneza kiti cha mfano, na mwaka 1964 kikafanyiwa majaribio ndani ya gari la Volvo.

Mama, hapa pana jambo la kiafya la kukumbuka. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wa mwili wake wote. Shingo yake ni laini, na mifupa yake bado haijakomaa. Akiwa ametazama mbele, gari likisimama ghafla kichwa hicho kizito hutupwa mbele na shingo huvutika. Akiwa ametazama nyuma, kiti chenyewe humpokea mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja. Ni kama vile unavyomshika mtoto mchanga wakati wa kumwogesha: kiganja kimoja nyuma ya kichwa na shingo. Wewe umelijua jambo hilo tangu siku ya kwanza. Kiti kinafanya kazi ile ile ya kiganja chako.

Basi viti vilikuwepo, lakini wazazi wengi hawakuvitumia. Hapo ndipo anapoingia mtu ninayemheshimu sana, Daktari Robert Sanders. Alikuwa daktari wa watoto na mkuu wa afya wa kaunti moja ya mashambani katika jimbo la Tennessee, Marekani. Aliona watoto waliokwisha kukingwa na magonjwa kwa chanjo wakiangamia barabarani. Akasema kwamba hili nalo ni jambo la afya ya jamii, na kinga yake ipo. Alizungumza na wabunge wa jimbo lake, na mwaka 1977 wakapitisha sheria ya kuwataka wazazi wawafunge watoto wa chini ya miaka 4 katika viti vyao. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1978, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya aina hiyo nchini Marekani.

Lakini sheria hiyo ilikuwa na tundu. Wabunge waliweka kifungu kilichosema kwamba mtoto anaweza kusafiri bila kiti kama amebebwa mikononi. Waliona ni ukatili kumzuia mama asimshike mwanawe. Daktari Sanders alikipinga kifungu hicho, kwa sababu mtoto aliyebebwa hakingwi na mama. Mama asipofunga mkanda, mwili wake wote humwangukia mtoto na kumponda. Mwaka 1981 kifungu hicho kiliondolewa. Kufikia mwaka 1985 majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria ya kiti cha mtoto. Kwa hiyo usione aibu kwamba kwetu mapaja bado yanatumika. Hata huko waliamini mapaja, mpaka watoto walipowafundisha kwa gharama kubwa.

Sasa turudi nyumbani.

Kenya ilianza kuzoea matatu katika miaka ya 1960, gari dogo la kubebea watu kwa nauli ya senti 30, na ndipo jina hilo lilipotoka. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu zibebe abiria bila leseni za uchukuzi zilizohitajika wakati huo. Usafiri ukawafikia wananchi wengi, na akina mama wakaweza kufika sokoni na hospitalini. Lakini magari yalijazwa kupita kiasi. Mtoto akawa hahesabiwi kama abiria. Aliyepakatwa hakulipiwa nauli. Neno "mpakate" likawa na thamani ya pesa: ukimpakata ni bure, ukimkalisha unalipa.

Ukitaka kujua kwa nini watoto wetu hawana viti, anzia hapo kwenye nauli. Mama mwenye shilingi chache za kumpeleka mtoto kliniki hawezi kulaumiwa kwa kumpakata. Ametumia njia aliyopewa.

Tarehe 1 Februari 2004 kanuni za Waziri wa Uchukuzi John Michuki zilianza kutumika. Wengi wetu tunazikumbuka. Matatu ziliwekwa vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa, mstari wa manjano ubavuni, sare za dereva na kondakta, na mkanda wa usalama kwa kila kiti. Nissan iliyokuwa ikibeba watu zaidi ya 20 ikatakiwa kubeba abiria 14. Siku zile za kwanza watu wengi walitembea kwa miguu kwa sababu magari yalikuwa machache, lakini tuliona kwamba mazoea yanaweza kubadilika. Hata hivyo kanuni zile zilimwangalia mtu mzima. Mtoto mchanga aliendelea kukaa mapajani, na mkanda ukamfunga mama peke yake.

Baadaye zikaja boda boda za pikipiki, zilizoenea sana kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, na Probox zikachukua njia nyingi za Homa Bay na Migori. Magari haya yanatusaidia. Ndiyo yanayomfikisha mama mwenye uchungu usiku kutoka vijijini ambako matatu haifiki. Lakini Probox inapobeba watu wanne nyuma na wawili kando ya dereva, mikanda hukunjwa na kufichwa chini ya kiti, na mtoto huwa kati ya mama na kioo.

Nikusimulie kisa kimoja. Namfahamu dereva wa kukodiwa wa hapa Homa Bay, kijana mwenye adabu. Huwachukua wageni uwanja wa ndege wa Kisumu na kuwaleta Kendu Bay, Mbita na kwingineko. Disemba moja, familia ya watu wa kwetu wanaoishi ng'ambo ilimwambia kwamba haitapanda gari lake bila kiti cha mtoto. Akatafuta akanunua kimoja. Wageni wakaja, wakafurahi, wakaondoka.

Miezi mingi baadaye nilimkodi anipeleke kwenye kazi ya chanjo. Alipofungua buti ili tuweke makasha ya chanjo, nikakiona kiti kile kimefunikwa na gunia. Nikamwuliza, "Kaka, hiki ni cha nani?" Akajibu, "Sista, hicho ni cha wageni." Nikamwuliza tena, "Na wako anasafiri vipi?" Alikuwa na mtoto wa miezi 9. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mama yake humpakata hapo mbele."

Sikumlaumu, kwa sababu mimi niliyefungua ule mlango wa mbele miaka yote singeweza kumlaumu. Lakini maneno yale, "cha wageni", yalituuma sote wawili. Mwaka mzima kinga ilikuwa ndani ya gari lake, na mtoto wake alipita nayo barabara ya Rongo akiwa mapajani. Mtoto wa London na mtoto wa Sori wana shingo ya aina moja.

Leo dereva huyo ukimpigia simu akupeleke mahali, hukuuliza kwanza: "Kuna mtoto? Ana umri gani?" Akifika, kiti kimeshafungwa nyuma. Amejifunza kukifunga mwenyewe, anakipangusa kila baada ya safari, na hatozi nauli zaidi. Ameniambia kwamba akina mama waliompanda mara moja humtafuta tena. Kwa hiyo nyinyi madereva mnaosoma hapa, hasa mnaowachukua akina mama hospitalini, kiti hiki si hasara. Ni sehemu ya kazi yenu, kama gurudumu la akiba. Na nyinyi familia, kiti kimoja kinaweza kununuliwa na kikundi cha akina mama au na ukoo mzima, kikapita kutoka mtoto hadi mtoto.

Sasa yashike haya:

1. Mtoto akae kiti cha nyuma cha gari. Kamwe usiweke kiti kinachotazama nyuma mbele ya mfuko wa hewa ulio kwenye dashibodi. Mfuko huo ukifumuka hukipiga kiti kwa nguvu na unaweza kumwua mtoto.

2. Mtoto mchanga atazame nyuma ya gari, na aendelee hivyo kwa muda wote ambao kiti chake kinaruhusu kulingana na uzito na kimo. Usiwe na haraka ya kumgeuza eti ametimiza mwaka mmoja.

3. Mikanda imkae sawasawa mwilini. Ukiweza kuufinya mkanda na kuukunja begani pake, umelegea. Usimfunike kwa blanketi zito kisha ukafunga mkanda juu yake. Mfunge kwanza, ndipo umfunike leso juu.

4. Kiti cha mitumba kikague. Kama kimepasuka, kimewahi kuwa kwenye ajali, hakina lebo, au muda wake umekwisha, usikitumie. Vingi vilivyopimwa vina lebo yenye herufi E ndani ya duara.

5. Mtoto mkubwa aliyekizidi kiti chake bado anahitaji kiti cha kumwinua, mpaka kimo chake kifike angalau sentimita 135, na bora zaidi 150, ili mkanda wa gari upite begani na kwenye nyonga, si shingoni na tumboni.

6. Usikigeuze kiti kuwa kitanda. Mtoto mchanga akilala humo muda mrefu, kidevu chake huweza kushuka kifuani na kumziba pumzi. Katika safari ndefu simama kila baada ya saa moja hadi mbili umtoe na kumnyonyesha. Mtoto njiti au aliyezaliwa juzi asimame mapema zaidi na aangaliwe muda wote. Na usimwache mtoto peke yake ndani ya gari lililoegeshwa juani, hata kwa dakika chache.

Najua utaniuliza: "Sista, mimi napanda matatu, kiti nitakitoa wapi?" Ni swali la haki, na sitakudanganya. Bila kiti hakuna njia iliyo salama kabisa kwa mtoto mchanga. Lakini kuna njia za kupunguza hatari. Kaa nyuma, usikae mbele. Jifunge mkanda wewe mwenyewe, na usimweke mtoto ndani ya mkanda wako, kwa sababu utamponda. Kataa gari lililojaa kupita kiasi. Safari isiyo ya dharura ifanye mchana. Mwambie dereva apunguze mwendo, na abiria wengine wakuunge mkono. Mtoto wa miaka 5 au 6, ukiweza, mlipie kiti chake na umfunge mkanda chini ya tumbo, kwenye nyonga. Kwenye boda boda, usikubali mtoto aketi juu ya tangi la mafuta mbele ya dereva.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Shirika hilo hilo linasema kwamba viti vya watoto vinaweza kupunguza vifo kwa kiasi cha asilimia 60 au zaidi. Kama kungekuwa na chanjo yenye uwezo huo, tungepanga foleni tangu alfajiri kuipata.

Akina mama, zamani chandarua nacho kilionekana kuwa kitu cha wenye pesa na wageni. Leo anayekosa chandarua ndiye anayeulizwa sababu. Kiti cha mtoto nacho kitafika huko, lakini kitafika haraka zaidi tukianza kukiuliza. Utakapoitisha gari wiki hii, muulize dereva: "Una kiti cha mtoto?" Akisema hana, usigombane naye. Muulize tena safari ijayo. Akiulizwa na akina mama kumi, atakinunua.

Na siku ya kutoka hospitalini, muuguzi akikufungulia mlango wa mbele, hata akiwa ni mimi, mwambie kwa upole: "Sista, sisi tunakaa nyuma."

Kinga ni bora kuliko tiba. Nakutakia safari njema wewe na mtoto wako.